Kulisha parachichi bila kulisha korongo: mwongozo kwa wakulima wa Hass Nyanda za Juu Kusini

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Aliyesema hivyo hakuwa amebeba mbolea aliyoinunua kwa pesa yake. Huku Njombe mkulima anabeba mfuko wa kilo 50 kutoka dukani, anaumwaga shambani, na sehemu kubwa ya kilichomo haifiki kwenye tunda. Nyingine inapanda hewani. Nyingine inateremka na mvua hadi chini ya mizizi, au inasombwa juu ya ardhi hadi korongoni. Nyingine inanaswa na udongo wenyewe, na nyingine inafika mtini lakini inaishia kwenye matawi marefu yasiyobeba kitu. Mwongozo huu ni wa kuziba matundu ya pakacha. Hauna lengo la kukuongezea mbolea. Wengi wetu tukifuata hatua hizi tutajikuta tunanunua pungufu.

Nazungumzia parachichi aina ya Hass kwa kuwa ndiyo ninayoilima na ndiyo iliyotapakaa huku. Aina hii ilitoka kwenye mti mmoja wa Rudolph Hass, tarishi wa posta huko California, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Kila Hass iliyopo duniani ni kikonyo kilichounganishwa kutoka ukoo wa mti ule. Kwa hiyo shamba lako likizaa kidogo kuliko la jirani, usiilaumu mbegu ya tunda. Tazama udongo, shina la chini lililobebeshwa kikonyo hicho, na mkono wako mwenyewe.

Hatua ya 1: Piga magoti uone mizizi

Kabla ya kwenda dukani, nenda chini ya mti. Simama pale kivuli cha saa sita mchana kinapoishia, rudi ndani hatua moja, kisha fukua majani makavu na udongo wa juu kwa mkono au kwa kijiti. Usitumie jembe. Unatafuta vimizizi vyembamba vya rangi ya maziwa au krimu, vinavyokatika kama tambi mbichi. Hivyo ndivyo midomo ya mti. Ile mizizi minene ya kahawia unayojikwaa nayo ni ya kusafirisha na kushikilia mti usianguke, si ya kula.

Mti wa parachichi asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako ardhi imefunikwa na majani yanayooza mwaka mzima. Ukajizoeza kula juujuu. Sehemu kubwa ya vimizizi vyake vya kulia iko ndani ya sentimita 30 za kwanza, na mingi imejificha palepale chini ya takataka za majani. Tena, ukilinganisha na mahindi, vinyweleo vyake vya mizizi ni vichache sana. Mahindi yana ulimi mrefu wa kulamba udongo. Parachichi linasubiri chakula kiletwe mlangoni na maji, majani yaliyooza na kuvu rafiki wanaoishi kwenye mizizi. Ukishalielewa hilo, hatua nyingine zote zinajieleza.

Sasa, kama vimizizi ulivyovikuta ni vyeusi na vinasagika ukivibana kwa vidole, au hukuona kimizizi chochote, simama hapo. Huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi, na hakuna mbolea inayoutibu. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, kwa sababu mti ulioozwa mizizi unafanana kabisa na mti wenye njaa: majani madogo, rangi ya kijani iliyofifia, kilele kimenyauka, matunda madogo. Mkulima anaona njano anasema naitrojeni, anaongeza UREA, chumvi ya mbolea inaunguza vimizizi vichache vilivyobaki, mti unazidi kuwa njano, naye anaongeza tena. Mwenye mti wa namna hiyo aanze na mtaro wa kutoa maji yanayotuama, matandazo, na kumwita afisa ugani kuhusu dawa. Mbolea ya mti huo upewe mti mzima ulio jirani yake.

Kitu kingine cha kuangalia wakati umepiga magoti: je, kuna viazi mviringo katikati ya mistari? Huku kwetu ni kawaida kupanda viazi kwenye shamba changa ili kupata hela ya haraka, na hela hiyo naielewa. Lakini kila ukivipandishia udongo na kila ukivichimba, unakata midomo ya mti. Halafu viazi, nyanya, pilipili na bilinganya vinabeba ugonjwa wa mnyauko wa vertisilia, ambao unaishi udongoni miaka mingi na unalishambulia parachichi pia. Maharage ni bora zaidi, mradi uache duara pana kuzunguka shina bila kulimwa.

Hatua ya 2: Pima udongo, kisha pima majani

Udongo unakuambia kilichopo ghalani. Majani yanakuambia kilichofika mezani. Ukipima kimoja tu unajua nusu ya habari.

Kwa udongo, chukua vijisampuli kutoka sehemu 15 hadi 20 za shamba linalofanana, chini ya kivuli cha miti, kina cha sentimita 30. Usichanganye bondeni na mlimani. Hayo ni mashamba mawili. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Nasisitiza plastiki, kwa sababu ndoo ya bati imepakwa zinki, na ukiitumia majibu yatakuambia una zinki tele wakati miti inaililia. Toa nusu kilo, anika kivulini, andika jina la shamba, peleka maabara. TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole iko Mbeya. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko Morogoro. Na TARI Mlingano, Tanga, ni kituo kilichobobea kwenye utafiti wa udongo. Omba wapime pH (kipimo cha uchachu), fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, mboji, na kama mfuko unaruhusu, zinki na boroni.

Majani yana masharti zaidi. Chukua jani lililokomaa la umri wa miezi mitano hadi saba, kutoka tawi lisilobeba tunda na lisilo na machipukizi mapya, usawa wa kifua, pande zote nne za mti. Kwetu sisi tulio kusini mwa ikweta wakati mzuri ni mvua zinapoelekea ukingoni, Aprili hadi Mei. Weka kwenye bahasha ya kaki, usiweke kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu yataoza njiani. Usichume siku chache baada ya kupuliza dawa ya shaba au mbolea ya majani. Weka alama kwenye miti uliyochuma ili mwakani urudi kwenye hiyohiyo.

Hatua ya 3: Fungua ghala lililofungwa na uchachu

Udongo wetu mwekundu wa milimani, unaonyeshewa zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ni mchachu. Parachichi linapenda pH ya 5.5 hadi 6.5. Ikishuka chini ya hapo, madini ya alumini na chuma yanaikamata fosforasi na kuifungia. Unaweka DAP, mbolea ya fosforasi, udongo unaimeza, mti unabaki unatazama. Alumini ikizidi inaumiza hata ncha za mizizi.

Chokaa ya kilimo ndiyo ufunguo. Kama maabara imekuambia magnesiamu nayo ni ndogo, tafuta ya dolomaiti. Kiasi fuata majibu ya maabara, usikisie, maana chokaa ikizidi inafungia zinki, chuma na boroni, nawe utakuwa umehama tatizo moja kwenda jingine. Itandaze sawasawa chini ya mti mwanzoni mwa mvua. Inatembea polepole sana kwenda chini, kwa hiyo shamba lililokwisha pandwa linahitaji dozi ndogo za kurudia kwa miaka kadhaa. Kwa anayetayarisha shamba jipya nafasi ni moja tu ya kuichanganya na udongo kwa kina, kabla ya kupanda. Akiipoteza hairudi.

Mambo matatu ya kukumbuka kuhusu uchachu. Kwanza, usimwage chokaa na UREA au SA (salfeti ya amonia) kwa pamoja. Naitrojeni itageuka hewa yenye harufu kali na kuondoka. Acha wiki kadhaa katikati. Pili, mbolea yenyewe inachangia uchachu: SA ndiyo mbaya zaidi, UREA inafuata, CAN (yenye naitrojeni na kalsiamu) ina nafuu. Mtu anayeweka SA kila mwaka na kulalamika kwamba udongo umechoka anajichimbia shimo. Tatu, mbolea ya Minjingu, ambayo ni mwamba wa fosforasi unaochimbwa Manyara, huyeyuka kwa msaada wa uchachu. Kwenye udongo mchachu ni fosforasi nzuri inayotoka polepole, inayofaa mti wa miaka mingi. Lakini ukishatandaza chokaa mahali hapo umeinyang'anya Minjingu kazi. Chagua moja kwanza, au zitenganishe kwa mahali na kwa msimu.

Hatua ya 4: Rudisha msitu chini ya mti

Kama ningeruhusiwa kumshauri mkulima jambo moja tu, lingekuwa matandazo. Tandaza sentimita 10 hadi 15 za majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, mabua, au maranda yaliyokaa nje muda mrefu. Sisi wa Njombe na Mafinga hatuna kisingizio. Viwanda vya mbao vinarundika maranda hadi yanawaka moto yenyewe. Acha nafasi ya upana wa viganja viwili kuzunguka shina lisioze.

Matandazo yanafanya kazi nne kwa gharama moja. Yanatunza unyevu Juni hadi Oktoba wakati mvua hakuna, na mzizi uliokauka haunywi mbolea hata ukiuwekea gunia. Yanazuia matone ya mvua kuukandamiza udongo na kuusomba. Yanaua magugu, kwa hiyo jembe linabaki nyumbani. Na yakioza yanakuwa chakula na makazi ya vimizizi. Fukua baada ya mwaka mmoja uone jinsi vilivyopanda hadi ndani ya matandazo yenyewe.

Kuna hofu kwamba maranda na mabua yanaiba naitrojeni. Ni kweli ukiyafukia ardhini: wadudu wadogo wanaoyaozesha wanachukua naitrojeni ya udongo ili wapate nguvu. Yakikaa juu wizi huo ni mdogo sana. Yasifukiwe, basi.

Majani ya parachichi yanayodondoka yaache palepale. Nimeona mashamba yaliyofagiwa kama uwanja wa kanisa, majani yamekusanywa na kuchomwa. Moshi ule ni naitrojeni na salfa uliyoilipia. Matawi unayokatia, kama hayana ugonjwa, yakatekate kwa panga na uyatandaze. Matunda yaliyooza ndiyo ya kuondoa na kufukia mbali.

Hatua ya 5: Hesabu kilichoondoka kwa lori

Mti wa kudumu hauhitaji kulishwa kama mahindi, unayoyapanda na kuyang'oa mwaka uleule. Majani yake yanarudi ardhini, na akiba yake iko kwenye shina na mizizi. Kinachotoka shambani moja kwa moja ni matunda. Kwa hiyo hesabu inaanzia kwenye kreti.

Tani moja ya Hass inaondoka na takribani kilo 2 hadi 3 za naitrojeni, kilo 4 hadi 6 za potasiamu, na fosforasi isiyofika kilo moja. Isome tena hiyo. Potasiamu ni kama mara mbili ya naitrojeni, na fosforasi ni kiduchu. Kisha kumbuka tunachonunua: DAP ya kupandia na UREA ya kukuzia, kana kwamba tunalima mahindi. Mwaka baada ya mwaka tunauza potasiamu kwa kilo na kurudisha fosforasi ambayo udongo unaifungia.

Tuchukue mti mmoja uliozaa kilo 80. Matunda yake yameondoka na gramu 200 hivi za naitrojeni na gramu 400 za potasiamu. CAN ina naitrojeni asilimia 27 hivi, kwa hiyo gramu 200 zinapatikana kwenye gramu 740 za CAN. Kwa potasiamu kuna mtego wa hesabu: namba iliyoandikwa kwenye mfuko ni ya oksidi, siyo potasiamu tupu. Zidisha namba ya mfuko kwa 0.83. Salfeti ya potasiamu yenye 50 ina potasiamu halisi asilimia 41 na ushee, hivyo gramu 400 zinatoka kwenye gramu 970 hivi. Fosforasi nayo ina mtego huo, zidisha kwa 0.44.

Kwa nini salfeti, wakati MOP, mbolea nyingine ya potasiamu, ni rahisi zaidi? MOP ni kloridi, na parachichi ni miongoni mwa mimea inayochukia kloridi. Ncha za majani zinaungua kuanzia kingo. Penye mvua nyingi kloridi inaoshwa, na wapo wanaotumia MOP kwa dozi ndogo mvua zikiwa zimekolea bila kudhurika. Kwenye shamba la kumwagilia wakati wa kiangazi nisingethubutu.

Hesabu hiyo ni ya kurudisha kilichotoka. Ongeza kidogo kwa ajili ya kitakachopotea, punguza kwa kile ambacho majibu ya maabara yanasema kipo, na punguza tena kwa samadi. Kilo 20 za samadi kavu ya ng'ombe iliyoiva vizuri zina kama gramu 200 za naitrojeni, ingawa mwaka wa kwanza inatoka sehemu yake tu na iliyobaki inakuja baadaye. Samadi iliyokaa juani bila kufunikwa ina pungufu zaidi. Ile ya kuku ina nguvu zaidi na inaunguza ikiwa mbichi. Majivu ya jikoni yana potasiamu na kalsiamu, ila yanafanya kazi kama chokaa, kwa hiyo kopo moja moja, siyo ndoo.

Miti michanga haina matunda ya kuhesabu. Mwaka wa kwanza gramu 50 za naitrojeni kwa mwaka mzima zinatosha, yaani gramu 185 za CAN zilizogawanywa mara tano. Panda taratibu hadi gramu 200 hivi mwaka wa nne. Pima kwa mzani mara moja, tafuta kopo linalochukua kiasi hicho, weka alama kwa msumari, na vijana wako watumie kopo hilo. Mkono hauna kipimo. Wa asubuhi ni mkubwa, wa saa nane mchana ni mdogo.

Nionye kuhusu naitrojeni kupita kiasi, kwa sababu mti wenye naitrojeni nyingi unapendeza macho. Majani yanameremeta, machipukizi yanakimbilia juu, wageni wanasifu. Lakini machipukizi hayo yananyang'anyana kalsiamu na vitunda vichanga, na kalsiamu nyingi ya tunda huingia wiki za mwanzo baada ya tunda kushika. Tunda lililokosa kalsiamu linaonekana zuri mtini, halafu linaiva vibaya, nyama yake inakuwa ya kijivu, na linaoza. Mnunuzi analigundua likiwa limeshafika mbali, na bei ya mwaka unaofuata unaijua wewe.

Hatua ya 6: Fuata mvua, ila usiikimbize

Msimu mmoja niliamua kumaliza kazi kwa siku moja. Ilikuwa Februari, mvua zimekolea, nikagawa UREA yote ya mwaka kwa miti yote. Usiku ule ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi nilikuta michirizi ya maji imechora njia kutoka kila mti hadi korongo la chini, na wiki tatu baadaye magugu ya korongoni yalikuwa yamenona kuliko shamba la mtu yeyote kijijini. Miti yangu haikuonyesha tofauti. Mama mmoja jirani alipita, akatazama, akasema, "Kamwene baba, naona mwaka huu umeamua kulima korongo." Sikuwa na jibu.

Mti unakula kidogo kidogo. Gawa naitrojeni na potasiamu mara tatu kwa uchache, mara tano ukiweza. Kwa anayetegemea mvua, dozi ya kwanza iwe pale mvua za Novemba au Desemba zimeshalowesha udongo vizuri, siyo siku ya wingu la kwanza. Ya pili Januari inapoelekea mwisho, ya tatu Machi, na ya mwisho isizidi mwanzo wa Aprili ili mvua ibaki ya kuiyeyusha. Katikati ya mvua kubwa dozi iwe nusu. Naitrojeni yote isiangukie wakati vitunda vinashika, maana ndipo majani na vitunda vinagombana. Potasiamu ielemee wakati matunda yananenepa. Fosforasi na chokaa mara moja tu kwa mwaka zinatosha, kwa sababu hazikimbii.

Miezi ya maua na ya kuvuna sikuandikii. Mti wa Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wa bonde la chini hawafuati kalenda moja. Andika ya shamba lako kwa miaka miwili na utaijua.

UREA ina tabia yake. Ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevu kidogo na jua likawaka siku tatu, sehemu nzuri inaondoka kama hewa. Inahitaji mvua ya wastani, milimita 10 hadi 15, ndani ya siku moja au mbili, au ndoo mbili za maji na tabaka jembamba la udongo au matandazo juu yake. Kama huwezi kuhakikisha hilo, nunua CAN.

Mwenye mabomba ya matone yuko kwenye daraja jingine. Anaweza kulisha kila wiki mbili kiangazi chote kwa dozi ndogo sana, na anapoteza kidogo kuliko sisi sote.

Hatua ya 7: Weka palipo na mdomo

Usirundike shinani. Usichimbe mashimo manne, wala mfereji wa kuzunguka, mtindo ambao bado unafundishwa kwa migomba na mazao mengine. Kwenye parachichi lililokomaa kila futi ya mfereji ni mamia ya vimizizi vilivyokatwa. Sogeza matandazo kwa mkono, tawanya mbolea kama unayetupia kuku mtama, kuanzia nusu ya kivuli hadi kidogo nje ya ukingo wake, kisha rudisha matandazo. Shamba lenye mteremko, weka zaidi upande wa juu wa mti na jenga kisahani cha nusu mwezi upande wa chini.

Hatua ya 8: Zinki, boroni na biashara ya busta

Hass ikikosa zinki majani yanakuwa madogo yenye madoa ya njano kati ya mishipa, na matunda yanakuwa mviringo kama ya aina nyingine. Ikikosa boroni, tunda linapinda kama mundu au linakuwa na kovu upande mmoja, na matawi yanainama badala ya kusimama. Boroni ni kazi ya fundi: upungufu na sumu vimekaa karibu sana. Subiri majibu ya majani, tumia dozi iliyoandikwa kwa umri wa mti, igawanye, na usirudie kwa sababu tu umeona mfuko bado una kitu. Kiasi kidogo cha boroni kinachopulizwa kabla ya maua kufunguka kinasaidia utungaji wa matunda pale ambapo kweli ilipungua.

Zinki ukiipuliza kwenye jani gumu lenye nta inabaki hapohapo iliposhikwa, haitembei kwenda kwingine. Kwenye udongo mchachu kama wetu, salfeti ya zinki ikiwekwa chini ya matandazo inafanya kazi ya kudumu zaidi.

Halafu kuna busta, mbolea ya maji ya kupuliza kwenye majani. Chupa ya lita moja, lebo yenye tunda linalong'aa, bei ya nusu mfuko wa CAN. Tufanye hesabu ya darasa la tano. Tuseme ina naitrojeni asilimia 20, yaani gramu 200 kwa chupa. Unaweka mililita 50 kwenye bomba la lita 20, hizo ni gramu 10. Bomba hilo unapulizia miti minne. Kila mti umepata gramu mbili na nusu za naitrojeni, kama zote zingeingia, na haziingii zote. Mti wetu wa kilo 80 ulipoteza gramu 200. Busta inaweza kubeba zinki au boroni, ambavyo mti unahitaji kwa kiasi kidogo. Kwa kazi hiyo nunua zinki au boroni yenyewe kwa jina lake. Kama mlo, ni pipi.

Hatua ya 9: Kata ili jua liingie

Jani lililo kivulini linakula bila kuzalisha. Miti iliyopandwa mita 7 kwa 7, kama 82 kwa eka, ikifunga matawi unalisha kuni. Baada ya kuvuna toa tawi moja au mawili yaliyosimama wima katikati, fungua dirisha upande wa kaskazini ambako jua letu la katikati ya mwaka linapita, na weka urefu ambao mchumaji anaufikia. Mwaka wa kukata sana, punguza naitrojeni, la sivyo mti utajibu kwa fimbo za maji, yaani machipukizi marefu yasiyozaa, juu kote.

Hatua ya 10: Acha miti ya ushahidi

Huwezi kujua kama umeziba matundu bila kulinganisha. Chagua miti kumi inayofanana na mingine, ifunge utepe, uipe nusu ya mbolea unayoipa mingine, kwa miaka miwili mfululizo. Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu Hass ina mwaka mzito na mwaka mwepesi, na mwepesi ukikukuta utailaumu mbolea bure. Pima mavuno ya miti hiyo kivyake, kisha gawanya kilo za matunda kwa shilingi za mbolea.

Daftari lenye mistari linatosha. Kila ukurasa uwe wa kipande kimoja cha shamba: tarehe ya mvua ya kwanza ya kweli, tarehe na gramu za kila dozi, siku maua yalipofunguka, kreti zilizotoka, tunda lililokataliwa na sababu iliyotolewa. Ubandike hapo na karatasi ya maabara. Mwezi wa tano, siku ya kuchuma majani ya kupima, unaanza kwa kufungua ukurasa huo, kisha unakwenda kupiga magoti chini ya mti uleule ufukue tena.